Makumbusho ya Lamu: kaone siwa, na umchukue mtu mzima mwende nae

Mimi kazi yangu ni harusi. Nna kikundi cha vugo, ile ngoma ya harusi ya kugonga pembe, hapa mtaa wa Langoni, Lamu, watu wazima kwa wasichana, na mtu akioza mwanawe twaitwa. Kwa hivyo nikiingia makumbusho siangalii kama mgeni aliyeshuka boti ya Mokowe asubuhi hiyo. Naangalia chombo nikijiuliza: hiki kilitolewa siku gani, kilishikwa vipi, na nani alikuwa na ruhusa ya kukigusa? Tathmini yangu iko hapo. Anayetaka kujua choo kiko wapi atauliza mlangoni.

Safari hii nilimpeleka mtoto wa kaka yangu, amekuja likizo kutoka Mombasa na wenzake wa chuo. Wao walitaka Shela wakaogelee. Nikawaambia Shela haihami.

Jumba hulipotezi. Liko pwani, linatazama bahari, baraza yake yaonekana tangu ukiwa chomboni. Enzi za Waingereza walikaa humo wakuu wao wa serikali, na likaja kufanywa makumbusho mwanzoni mwa miaka ya 1970. Malipo ni kwa simu kupitia eCitizen, basi njoo na chaji na bando, usije ukaganda mlangoni na noti mkononi. Mkenya hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, beba kitambulisho.

Ndani mna mengi. Mna mifano ya vyombo vya baharini, mna nakshi za mbao, mna vitu vya jirani zetu wa bara, Waboni, Waorma na Wapokomo. Mpenda majahazi aweza kumaliza asubuhi nzima hapo. Mimi nilivipita upesi, maana nilikuwa na jambo langu.

Siwa.

Ni baragumu kubwa la kupulizwa siku za heshima. Ziko mbili. Moja ni ya Pate, kisiwa jirani, ya pembe za ndovu, zaidi ya mita mbili kwa urefu, vipande vimeunganishwa mpaka vikawa pembe moja. Wajuzi huiweka karne ya 17. Ya pili ni ya Lamu, ya shaba, imejaa nakshi. Watu wengi husimama mbele ya ile ya Pate, wakapiga picha, wakasema “kubwa!”, wakaenda zao. Wewe usiende. Zunguka utafute tundu la kupulizia. Haliko nchani, liko ubavuni. Sasa jiweke wewe ndiye mpulizaji: pembe hiyo imekukata mbele, mdomo wako uko ubavuni mwake, na urefu wake wapita kimo cha mtu. Huwezi kupita nayo katika kichochoro chetu watu wakiwa wamejaa. Lazima upishwe. Kila aliyesogea kupisha amekwisha kukubali, kabla sauti haijatoka, kwamba shughuli hii si ya mtu wa hivi hivi. Nimetembeza vugo katika njia za mji huu miaka mingi, na nawaambia, kupishwa ni nusu ya harusi.

Siwa haikuwa ngoma ya kila nyumba. Ilipulizwa kwa kutawazwa mfalme, kwa harusi na tohara za waungwana, na kuipata ilikuwa uombe. Aliyepewa amepewa heshima, aliyenyimwa amevuliwa nguo mbele ya mji. Habari za Pate zasimulia kuhusu Mwana Darini. Alitaka kumtahiri mwanawe kwa shughuli ya kutajika, mfalme akamnyima siwa. Mwanamke hakulia wala hakuahirisha. Alimtafuta fundi, akampa kazi, ikachongwa siwa nyingine ya pembe, mwanawe akapuliziwa ya mamake. Wazee husema siwa hiyo ya Mwana Darini ndiyo hii ya pembe uionayo kiooni.

Hapo wale vijana wakanyamaza na simu zikashuka. Mwenzake mmoja akauliza, “Kwa hivyo yote hii ni kwa sababu ya sherehe moja?”

“Mwanangu,” nikamwambia, “wewe hujaandaa harusi.”

Maana mambo hayo hayakufa. Najua shughuli iliyotaka kuvunjika kwa sababu nyumba moja ilikataa kuazima matwari, yaani matari ya kupiga, kwa nyumba nyingine, na chanzo chake ni maneno ya mazishini, ya wazee ambao wenyewe wamekwisha kufa. Majina sitaji, naishi hapa. Lakini nilipokuwa nikiwasimulia habari za Mwana Darini nilikuwa nawaona watu ninaowajua, na kwa ajili hiyo nasema ingia na mtu mzima wa hapa. Kibao cha ukutani chaweza kukupa karne na aina ya madini. Uchungu wa kunyimwa ni mpaka ueleweshwe na mtu.

Tena mchague huyo mtu. Siku hiyo kulikuwa na kijana mmoja wa kutembeza wageni, kawaokota wazungu wawili gatini, akawa awaambia siwa ilikuwa ya kuitia vita na kwamba mpulizaji alikuwa akikatwa ulimi asitoe siri. Ulimi! Atapulizaje? Nilikohoa. Akaniangalia, akahamia kwenye majahazi.

Baada ya siwa, kiti cha enzi. Ni mpingo uliotiwa vipande vya pembe, mgongo umesimama wima, na pale pa kukalia na pa kuegemea pamefumwa kwa nyuzi, nyembamba na za karibu karibu, hata kwa mbali wadhani ni ukili. Kina na pa kuwekea miguu. Mtoto wa kaka yangu akasema, “Shangazi, hiki hakikaliki.”

Hakikutengenezwa ukae uangalie mpira. Hiki alitolewa mgeni mkubwa, au mwanachuoni, au bwana harusi, na kazi yake ni kukunyoosha. Ukikaa hutaweza kuinama wala kulegea, miguu imewekwa pake, mikono imewekwa pake, na watu wamekaa chini kwenye mikeka wakutazama. Viti vya harusi vya siku hizi, vile vya kukodi vyenye sponji na rangi ya dhahabu, bwana harusi hutopea humo kama mkate wa mofa uliotiwa kwenye mchuzi. Saa moja tu kanzu imekunjamana. Mafundi wa zamani walijua walifanyalo.

Ukitoka hapo ingia mjini ukaone Nyumba ya Mswahili, nyumba ya kale iliyofanywa makumbusho. Ni ndogo, haichukui muda, lakini bila ya hiyo hayo ya kwanza yabaki nusu. Simama ndani kabisa, mbele ya zidaka, zile safu za vijishubaka ukutani, uone jinsi nyumba ilivyojipanga kutoka dakani, pale mlangoni pa kupokelea wageni, kuja ndani: huyu aishia hapa, yule aruhusiwa kupita, na wa ndani kabisa ni wa ndani. Bibi yangu alikuwa akitusimulia shiraa, kitambaa kikubwa kilichoinuliwa kwa vijiti ambacho wanawake wa nyumba kubwa walitembea chini yake kabla buibui halijaenea. Nilipokuwa mtoto nilicheka. Nikisimama mbele ya zidaka naona ni jambo lile lile moja, kwamba ukuta ulikuwa ukitoka nao nje.

Ngome nayo ni hapo hapo Mkunguni, ilikwisha kujengwa mwaka 1821, na mpaka 1984 ilikuwa jela. Maonyesho yake sina mengi ya kusema. Ua wake ndio ninaoupenda. Mkusanyiko wa mji hufanywa mle, mikutano na harusi, na vugo likipigwa mle kuta zarudisha sauti kali, mpigaji mmoja wasikia wawili. Wapangaji wa harusi wanaosoma haya: msilete spika kubwa kwenye ua ule. Hamtasikizana.

Ukiweza kuchagua siku, njoo mwisho wa Mfungo Sita, yaani Rabiul-Awwal, wakati wa Maulidi ya Msikiti wa Riyadha. Msikiti ule ulianzishwa na Habib Swaleh, na watu huja kutoka pwani nzima. Utaona zefe lenyewe, yale maandamano, barabarani, kanzu na matwari na bakora, kisha ukirudi makumbusho hivyo vitu utavitazama kwa jicho jingine. Ila vyumba vya kulala siku hizo ni shida, tafuta mapema, na bei usiniulize.

Usije saa sita mchana Ijumaa. Usilete watoto wadogo wenye njaa. Waleteni wameshakula mahamri. Na wasichana mliovaa vikanda vya kuogelea mkielekea Shela, jifungeni leso, mji huu una watu wake.

Nawapa nyota nne. Ya tano naizuia makusudi. Siwa ilipulizwa na wanaume, kwa idhini ya wakubwa, kwa nyumba za kuhesabika. Vugo ni pembe vile vile, ya nyati, yagongwa kwa kijiti, na imetoa maharusi wa kila nyumba ya mji huu bila ya kumwomba mfalme. Siku nitakapoiona imelazwa ubavuni mwa siwa, kioo kimoja, nitakuja kuikamilisha hiyo nyota. Pembe zikiwa ndizo zinazotafutwa, mimi nnazo za akiba, tena zimelia harusi nyingi kuliko hizo za kiooni.