Nilivyovaa taji la Kimanchu Beijing nikiwa na rasta

Nilikodi gauni na taji la kike la enzi ya Qing, yaani utawala wa Wamanchu, ukoo wa mwisho wa kifalme China, kwenye studio moja karibu na lango la Donghuamen, mashariki mwa Jumba la Kifalme. Gauni halikunisumbua. Naandika kwa sababu ya taji, maana nilikwenda na rasta kichwani.

Taji lenyewe huitwa dalachi: ubao mpana uliovikwa satini nyeusi, ua kubwa katikati, vishada pembeni. Zamani wanawake wa Kimanchu walizungusha nywele zao wenyewe kwenye pini ndefu bapa, bianfang. Enzi ya Qing ilipokaribia kuisha, ubao wa kitambaa ukachukua nafasi ya nywele.

La kwanza nililopewa liliteleza mara mbili kabla sijafika mlangoni, na gundi ilionekana nyuma ya maua. Nikalirudisha. Vibanio vyao ni vya nywele laini, kwenye rasta havishiki kitu. Dada aliyenivalisha alikuwa msikivu sana: nilifunga rasta zote fundo bapa utosini, yeye akapitisha utepe mweusi chini ya fundo na kuukaza kwenye waya wa taji. Saa mbili nzima halikusogea, hata kwenye upepo wa handaki la maji pale mnara wa kona. Ila usigeuze shingo ghafla, vishada vitakuchapa shavuni. Geuka na mabega yako.

Jana yake nilikuwa nimepita Makumbusho ya Taifa ya China kuliona taji la Malkia Xiaoduan, mke wa Mfalme Wanli wa enzi ya Ming iliyotangulia Qing, lililofukuliwa Dingling, kaburi la mfalme huyo, miaka ya 1950. Majoka tisa ya dhahabu, feniksi tisa, maelfu ya lulu, uzito zaidi ya kilo 2! Feniksi wamebandikwa manyoya ya ndege mdiria, kipande kwa kipande, na buluu yake bado inang'aa baada ya miaka 400, kwani haikupakwa: ni umbile la unyoya lenyewe linavyorudisha mwanga. Nilisimama pale hadi miguu ikauma. Kwa hiyo nilipoona maua ya buluu ya utepe kwenye taji la kukodi, nilijua yanaiga nini, na nikayapenda zaidi.

Nililipa yuan 260 bila mpiga picha. Nawapa nyota nne. Nikirudi nitasuka rasta nyembamba zaidi, ili fundo lilale vizuri.