TAHADHARI: Anauza antena ya skana kama antena ya televisheni ya dijitali

Wadau, kabla hujatuma hela, soma hapa kwanza. Kuna muuzaji mtandaoni anatangaza "antena ya dijitali ya kijeshi, megahezi 25 hadi 1300, inakamata chaneli zote kutoka pande zote, kilomita 300" (megahezi ni kipimo cha masafa ya mawimbi). Mimi nimeshapigwa. Jina lake silitaji, na hata ningelitaja lisingewasaidia, maana analibadilisha kila mara. Ijueni bidhaa yenyewe.

Kilichonifikia ni diskoni: juu duara la vijiti vilivyolala, chini vijiti vingine vimeshuka kama mbavu za mwavuli. Hiyo ni antena ya skana, yaani redio ya kusaka na kusikiliza mawasiliano ya masafa mbalimbali, na kwa kazi yake ni nzuri kabisa, sina ugomvi nayo. Nikaipandisha juu ya paa, nikaiunga kwenye king'amuzi, nikasachi. Chaneli mbili, basi. Nazo picha inaganda, sauti inakatika. Antena yangu ya zamani yenye umbo la mfupa wa samaki, ambayo nusu ya vijiti vyake vimepinda, ilikuwa inaleta zote.

Nikamwandikia. Akaniambia niisogeze. Nikaisogeza. Akaniambia ninunue busta, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi, ambayo kwa bahati nzuri anaiuza yeye mwenyewe. Nikanunua (ndiyo, nicheke tu), na zile chaneli mbili zikabaki moja. Akasema basi kosa ni la waya wangu: antena ni ya omu 50 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), waya wa televisheni ni wa omu 75. Hapo ndipo nilipoanza kusoma, kwa sababu tofauti hiyo hurudisha takriban asilimia 4 tu ya nguvu ya mawimbi. Haiwezi kuua chaneli. Nilipomwambia hivyo, akanibloki.

Ujanja wake ni kwamba hasemi uongo mtupu. Zile namba za megahezi ni za kweli. Televisheni ya dijitali ya UHF (masafa ya juu yanayotumiwa na minara ya televisheni) huanzia megahezi 470, na hata pale inapofika mbali haivuki 900, kwa hiyo kwenye karatasi imo ndani ya 25 hadi 1300. Anachokificha ni jinsi antena hiyo inavyosikiliza. Diskoni husikiliza pande zote sawasawa, kwa hiyo haina nguvu ya ziada upande ulipo mnara. Antena ndefu ya UHF ikielekezwa vizuri huongeza hata desibeli 10, yaani nguvu mara 10. Hilo la "bila kuielekeza popote" analolisifia ndiyo kasoro yenyewe.

Kubwa zaidi ni hili. Redio za mawasiliano hutuma mawimbi yaliyosimama wima, na diskoni imetengenezwa kwa ajili hiyo. Minara mingi ya televisheni hutuma mawimbi yaliyolala. Antena ya wima ikipokea mawimbi yaliyolala, hasara yake inaweza kufika desibeli 20: unabaki na sehemu moja kati ya 100. Zamani ungeona chenga ukavumilia. Dijitali haina chenga. Ukishuka chini ya kiwango, picha inaganda au inapotea kabisa.

Busta nayo ndiyo iliyomaliza kazi. Antena inayokamata kila kitu huleta pia stesheni za FM za megahezi 88 hadi 108 na minara ya simu, vyote vinaingia kwenye busta kwa pamoja, nayo inazidiwa.

Halafu itazameni tena video yake ya majaribio. Waya kutoka kwenye antena unapita nyuma ya meza na hauonekani tena. King'amuzi hakionyeshwi hata mara moja. Na chaneli anayoionyesha kwa majivuno ni ya michezo, ya kulipia, ambayo ipo kwenye dishi tu. Setilaiti za aina hiyo hutuma kwenye masafa ya juu ya megahezi 10,000. Antena inayoishia 1300 inayapata wapi? Kuhusu kilomita 300, dunia ni duara na mawimbi ya UHF hayapindi kuifuata kiasi hicho.

Kuna dada aliyeniandikia kwamba yeye aliuziwa ndogo, fimbo nyeusi ya mpira yenye kichwa cha BNC (plagi ya kufunga kwa kuzungusha) na adapta ya kuichomeka kwenye king'amuzi. Hiyo ni ya skana ya mkononi. Mtu akikuuzia antena ya televisheni inayohitaji adapta ili iingie kwenye televisheni, muulize kwa nini.

Sasa hivi anatumia jina jipya na nembo ya kijani, ila picha ni ileile: mwavuli usio na kitambaa, nyuma nyeupe, na neno "kijeshi" kwa herufi nyekundu. Anataka alipwe hela yote kabla ya kutuma mzigo, na boksi likishafunguliwa harudishi hela. Kama umeshalipa na mzigo haujafika, fungua malalamiko leo huko ulikolipia, usisubiri akujibu.