TAHADHARI: Mzigo wako ukichelewa kutoka Dar, kuna mtu atakupigia kwamba umeonekana. Usitume hela

Ndugu zangu wafanyabiashara wa Mwanjelwa, Kabwe, Soweto na Uyole hapa Mbeya, pamoja na ninyi wa Tukuyu na Kyela mnaoagiza mizigo Kariakoo ikaja kwa basi: kuna mtu anawapigia simu watu ambao mizigo yao haijafika. Anakutaja jina, anakueleza katoni yako ilivyo, halafu anasema imepatikana stendi nyingine na inadaiwa hela ya ghala. Ni tapeli. Hana mzigo wako wala hajui ulipo.

Naeleza ilivyokuwa kwangu ili akikupigia umtambue mapema.

Nauza vioo vya simu, betri na mifumo ya chaji. Jamaa yangu wa Kariakoo alinifungia katoni, akaipeleka kwenye ofisi ya mizigo ya basi, akalipa, akanitumia picha ya risiti. Jina la kampuni silitaji kwa sababu malalamiko yangu bado yako mezani kwao, na pia tabia nitakayoieleza si ya ofisi moja. Basi likaingia Mbeya jioni, buti zikafunguliwa, kila mtu akachukua chake. Katoni yangu haikuwemo.

Dirishani kulikuwa na dada mmoja na daftari. Akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka chini ya ukurasa, akasema, "Haijashuka, kaka." Nikamuuliza kama haijashuka imekwenda wapi. "Labda imepitiliza Tunduma. Subiri gari lirudi." Gari likarudi, mtu mwingine yuko dirishani, naye anaanza upya: risiti iko wapi, ulituma lini, nani alipokea. Sasa ikawa labda ilishushwa Makambako. Makambako wanasema sisi hatuna, waulize Dar. Dar simu inaita mpaka inakata. Ukiipata, unaambiwa aliyepokea mzigo siku ile yuko zamu ya usiku. Barabara yenyewe ni zaidi ya kilomita 800 na gari linasimama Morogoro, Iringa, Mafinga, Makambako, kwa hiyo kila kituo kina kituo kingine cha kusingizia. Hakuna hata mmoja aliyeniambia "tumeupoteza". Neno hilo hawalitamki kwa sababu likishatamkwa lina gharama.

Tazama risiti zao. Yangu ni ile ya karatasi ya kaboni, nakala ya pili, maandishi yamefifia. Imeandikwa "katoni 1, vifaa". Palipoandikwa thamani ya mzigo karani amepiga mstari tu, bila kumuuliza mtumaji. Geuza nyuma, kwa herufi za kusomea na miwani: kampuni haitawajibika kwa mzigo ambao thamani yake haikutajwa. Mstari anaupiga karani wao, hasara inakuja kwako.

Nikiwa katika hali hiyo ya njoo kesho, simu ikaita. Namba ngeni.

"Bosi, za Mwanjelwa? Naongea kutoka ofisi ya mizigo Iringa, hapa stendi ya Igumbilo. Una katoni yako hapa, ya kaki, imezungushiwa solotepu nyekundu. Si ndiyo?"

Ndiyo kabisa. Akanitaja na jina langu kama lilivyoandikwa juu ya katoni, hata lile la utani ambalo wananijua nalo Kariakoo.

"Ilishuka kimakosa, bosi. Sasa imelala ghalani na mfumo umeshahesabu. Tuma elfu thelathini na tano niipakie kwenye gari linaloondoka sasa hivi, saa kumi na mbili unaipokea."

Nikamwambia anisomee namba ya risiti iliyobandikwa juu ya katoni. Akanyamaza kidogo. "Namba imefutika, bosi, ilinyeshewa." Basi ipige picha unitumie. "Natumia kitochi." Ofisi nzima haina mtu mwenye simu ya picha? "Bosi, gari linaondoka, mimi nakusaidia halafu unanihoji." Nikamuuliza nikituma litatokea jina la nani. Akanitajia jina la mwanamke, akaongeza haraka kwamba ndiye mhasibu wao. Nikamwambia sawa, nampigia shemeji yangu aliyeko Ipogolo, hapo hapo Iringa, aje alipe hela mkononi na aione katoni. Hapo ndipo simu ilipokatika, na nikipiga tena haipatikani.

Shemeji alikwenda hata hivyo, akachukua bajaji mpaka stendi. Ofisi ya kampuni ile ya Igumbilo hawakuwa na katoni yangu, hawamjui mhasibu huyo, na wakasema hawatozi hela ya ghala kwa simu. Mmoja wao akamwambia shemeji kwamba si mtu wa kwanza kufika pale na hadithi hiyo. Kama wanajua, kwa nini hawabandiki hata karatasi moja dirishani kutahadharisha wateja? Hilo nimewauliza kwa maandishi, sijajibiwa.

Mama mmoja jirani yangu sokoni, muuza vitenge, yeye alituma. Baada ya hela ya ghala akaambiwa kuna faini ya TRA, baada ya faini ikaja hela ya kupakia. Alikuwa na oda ya sare za harusi na wenye harusi walikuwa wanampigia kila saa. Mfa maji haachi kutapatapa. Wanaomcheka sasa hivi hawajawahi kudaiwa vitenge na kamati ya harusi.

Watu wengi wanaamini ofisini ndiko taarifa zinakotoka. Inawezekana, lakini sina ushahidi na simsingizii mtu. Angalia katoni inavyosafiri: jina lako na namba yako ya simu vimeandikwa kwa makapeni, herufi kubwa zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Inapita kwa kuli wa Kariakoo, kwa bodaboda, kwa karani, kwa utingo, kwa wapakuaji wa kila stendi, na kila mpita njia anayesimama kando ya rundo la mizigo anaweza kulipiga picha akaondoka na namba za watu wote. Daftari lenyewe la mizigo huwa wazi juu ya kaunta, nami nililisoma kichwa chini miguu juu nikiwa nimesimama tu. Kuhusu kujua kwamba mzigo umechelewa, hilo tunamrahisishia sisi: mtu anaingia kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara anaandika "jamani nimepotelewa na katoni ya kaki, solotepu nyekundu, namba yangu hii". Kilichobaki ni kukupigia.

Lakini ninavyoona mimi, anayemtajirisha tapeli huyu ni ofisi isiyojibu. Mteja aliyeambiwa kweli ("mzigo wako haujulikani ulipo, tunatafuta, jibu tarehe fulani") hana sababu ya kumwamini mtu wa namba ngeni. Aliyeachwa na "labda" anamwamini wa kwanza atakayesema "ninao hapa".

Kuna na toleo la pili, hili kwa wanaoagiza China kwa njia ya posta. Unapata ujumbe kwamba kifurushi chako kimeshikiliwa, anwani haijakamilika, bonyeza kiungo ulipe kiasi kidogo. Kiasi ni kidogo makusudi. Wanachotafuta ni namba za kadi yako au namba ya siri. Kifurushi kilichosajiliwa posta kina namba ya ufuatiliaji ya herufi na tarakimu 13: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka, kama CN kwa China au TZ kwetu. Namba inayoanza na E ni ya EMS (huduma ya haraka ya posta), R ni rejista, C ni kifurushi. Ujumbe usio na namba hiyo, au wenye namba isiyofanana na aliyokupa muuzaji, ufute. Ushuru wa forodha nao unalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, hauendi kwenye laini ya simu ya mtu. Na kifurushi cha posta kikipotea kweli, mwambie muuzaji afungue madai huko alikotumia, kwa sababu kwa taratibu za Umoja wa Posta Duniani madai yanapokelewa ndani ya miezi sita tangu kutumwa. Wauzaji wengi wa mtandaoni wanapenda kukuambia "endelea kusubiri" mpaka muda huo uishe.

Turudi kwenye basi. Kusafirisha vifurushi na vipeto ni biashara yenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hata kama chombo ni basi la abiria, na sheria yake ni ile ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Kwa hiyo ukiambiwa "hii ni ofisi ya basi tu, malalamiko hatuna", uliza leseni ya vifurushi iko wapi. Wengine wanabadilika sauti hapo hapo. Kisha andika barua, hata ya mkono, ueleze mzigo, tarehe, namba ya gari na thamani, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usiposhikilia nakala yenye muhuri, siku ya kulalamika juu zaidi wataapa hujawahi kufika. Wasipojibu, TCRA wana ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa hapa Mbeya, huna haja ya kwenda Dar. Mambo ya basi lenyewe yapelekwe LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu. Polisi chukua RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Itakusaidia kwa kampuni na kwa mtandao wa simu kama hela imeshaondoka.

Ujumbe wa tapeli utume kwenda 15040, utaulizwa namba iliyokutumia, hiyo ndiyo njia ya kuripoti kwa mitandao yote. Mimi namba yake nimeipeleka huko na siibandiki hapa. Laini hizi mara nyingi zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua lolote, tukaanza kumtukana bibi wa watu aliyeko shambani. Ukitaka kujua kama na wewe umesajiliwa laini usiyoijua, piga *106# uangalie.

Na kabla mzigo haujatoka Dar: mwambie mtumaji asimame pale mpaka karani aandike thamani halisi na vilivyomo. "Vifaa" si maelezo. Kama kampuni inataka nyongeza kwa mzigo wenye thamani, lipa. Katoni ipigwe picha pande zote, risiti ikiwa imebandikwa juu yake. Halafu mtumaji aweke alama moja chini ya katoni, herufi au mchoro, ambayo haiandikwi kwenye risiti wala kwenye kundi lolote. Yeyote atakayepiga simu kwamba ana mzigo wako, mwambie augeuze akueleze chini kuna nini. Hilo swali tu linatosha.

Katoni yangu mpaka naandika haya haijaonekana. Ndani kuna vioo vya Tecno na Infinix pamoja na betri. Mafundi wa Mbeya, Mlowo, Tunduma, Mafinga na Iringa, mkiletewa vioo vya namna hiyo na mtu asiye na duka, kwa bei ya kutupa, jamaa yangu huweka alama nyuma ya kila kioo. Alama siisemi. Chukua kioo kimoja, uliza risiti ya alikonunua, na umtafute mtu yeyote wa safu ya simu Mwanjelwa. Watakuelekeza dukani kwangu tuje tulinganishe.