Nilinyang'anywa pedi kwa sababu naijua gemu kupita kiasi

Naandika haya nikiwa bado na hasira, wala sitaki kuificha, kwa sababu kilichonipata siku za karibuni katika kibanda kimoja cha gemu mjini Chake Chake hakijapata kunipata tangu nianze kushika pedi, kile kifaa cha vitufe cha kuchezea gemu, nikiwa mwanafunzi wa skuli. Jina la kibanda sitalitaja. Nitaeleza yaliyotokea, na kila mtu atapima mwenyewe kama inafaa mteja kufanyiwa vile.

Nianze kwa haki. Kibanda kina mashine mpya zenye gemu za mpira za miaka hii, lakini pembeni, karibu na mlango, imewekwa PlayStation 2 moja ya zamani yenye PES 6, gemu ya mpira wa miguu iliyotoka mwaka 2006, na kwa ajili ya hiyo tu ndipo nilipokuwa nikienda huko, baadhi ya wiki jioni tatu au nne. Pedi zake ni nzima na vitufe havijalegea, feni inafanya kazi, na mwenye kibanda hairuhusu sigara wala matusi. Laiti ningeandika mwezi mmoja kabla, ningemsifu bila ya kubakisha neno. Utaratibu wake ni ule uliozoeleka katika vibanda vyetu vyote: anayefungwa hulipa na kuinuka, anayeshinda hubaki kitini na kumngoja anayefuata.

Siku yenyewe sikumbuki ilikuwa Jumamosi au Jumapili. Ninachokumbuka ni kwamba karafuu zilikuwa zimeanza kuchumwa, na watoto walikuwa na pesa zao za kuchumia, kwa hivyo foleni ilifika nje. Nilikaa kitini baada ya alasiri na nikawatoa watu saba au wanane bila ya kuinuka hata mara moja. Wa mwisho alikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu hivi, ambaye alikuwa amesubiri muda mrefu kuliko wote. Mimi nilichukua Inter, kama ninavyofanya siku zote. Yeye alichukua Merseyside Red, jina ambalo gemu ile iliipa Liverpool kwa kukosa leseni yake. Hadi mapumziko nilikuwa nimemfunga magoli matatu, yote ya Adriano, mshambuliaji wa Inter, yote kwa mguu wa kushoto, na yote kutoka masafa yale yale. Wanaoijua PES 6 hawahitaji kuelezwa: Adriano wa gemu ile ana nguvu ya shuti 99, na ukimpata akiwa ameelekea goli, hata kama bado yuko mbali na boksi, kipa huruka kwa ajili ya kutimiza wajibu tu. Ilipofika dakika ya sabini, yalikuwa sita kwa bila.

Hapo mwenye kibanda akanyanyuka mahali anapokaa kupokea pesa, akaja nyuma yangu, akaichomoa pedi mikononi mwangu. Hakuniomba niitoe, wala hakungoja mechi iishe. Nina umri wa kumzidi kwa miaka isiyopungua kumi, na siku zote akiniona mlangoni huniamkia, "Shikamoo, kaka," kwa adabu kamili. Siku ile alisimama juu ya kichwa changu mbele ya watoto wote wale akasema: "Inuka. Weye gemu hii waijua mno. Mtu akijua mno hana raha, na wenziwe hawana raha."

Niliinuka, nikavaa viatu vyangu, nikatoka bila ya kujibu. Jibu limenijia baadaye, na ndilo hili.

Tangu lini ujuzi ukawa kosa? Mimi nimekulia Wete, jirani na baraza ambayo wazee walikuwa wakicheza bao kuanzia alasiri mpaka inapoadhiniwa magharibi. Bao halina bahati ndani yake hata chembe. Mashimo ni 32 na kete ni 64, na hakuna kinachofichwa: wakati wa namua, yaani hatua ya kwanza ya mchezo, kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, na mwenzake anajua zimebaki ngapi; mtaji ukianza, yaani hatua ya pili, kila kitu kimo ubaoni mbele ya macho ya wote. Ikiwa kuna mchezo ambao ujuzi ungepaswa kuumaliza, basi ni huo. Lakini palikuwa na mzee mmoja pale barazani ambaye alicheza maisha yake yote, ambaye alikuwa akilitazama bao, akihesabu kimya mzunguko mzima utakavyokwenda na kete ya mwisho itakapolala, ndipo anyooshe mkono, na sikumwona hata siku moja akipiga miayo. Hakuna aliyethubutu kumwambia, "Inuka, wajua mno." Watu walifunga safari kutoka vijiji vingine ili waje kufungwa naye, na walirudi makwao wakisimulia walivyofungwa.

Na si bao peke yake. Mwishoni mwa mwaka 2023 kijana wa miaka 13 huko Oklahoma, Marekani, aliicheza Tetris ya mashine ya zamani ya Nintendo mpaka ikaganda, yaani akaifikisha mahali ambapo programu yenyewe ilishindwa kuendelea. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba mwanadamu haendi zaidi ya hatua ya 29, kwa sababu hapo vipande huanguka kwa kasi ambayo vidole haviwezi kuifuata kwa ushikaji wa kawaida. Yeye alifika hatua ya 157. Nimeitazama video yake mara nyingi. Skrini inapoganda, kijana anashika kichwa na pumzi zinamwishia kwa furaha. Yule alikuwa anaijua gemu yake kuliko ninavyoijua mimi yangu, mara kumi zaidi, na mwenye kibanda angekuwapo pale angemwambia nini?

Hilo ndilo jibu nililokuwa nimelitayarisha, na ningeliishia hapo lau kuwa maneno ya mwenye kibanda hayakuwa yamenikera kwa namna isiyolingana na ukubwa wake. Mtu akinizulia uongo, hasira zangu huisha baada ya siku mbili. Hizi hazikuisha.

Nilipoanza kuicheza PES 6, nilikuwa Wete, na Pemba ilikuwa bado inategemea umeme wa majenereta ya dizeli. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulikuja kuwashwa mwaka 2010. Tulicheza kwa kuiba saa. Umeme ulikuwa ukikatika katikati ya msimu wa Masta Ligi, sehemu ya gemu ambayo unaiongoza timu yako msimu baada ya msimu, na kwa kuwa memori kadi ya kuhifadhia mchezo ilikuwa moja na wenyewe tulikuwa watano, mara nyingi tulipoteza kila kitu tukaanza tena na wale wachezaji wa kubuni ambao gemu humpa kila anayeanza: Castolo, Minanda, Espimas na wenzao. Tulidhani Castolo ni mtu wa kweli. Tulimtafuta katika kurasa za michezo za magazeti yaliyokuwa yakifika na meli, na tusipomwona tulisema labda ameumia. Binamu yangu ndiye aliyegundua kwamba ukishika L1 ukabonyeza pembetatu, mpira wa kupenyeza unapaa juu ya vichwa vya mabeki, na alipogundua hivyo alipiga ukelele ambao ulimtoa mama jikoni akidhani kuna nyoka. Jioni ile hatukufanya jambo jengine. Tuliurudia mpira ule mpaka kidole gumba kikatoka lengelenge, na nusu ya mara ulikwenda nje, na kila ulipokwenda nje tulibishana kwa nini.

Sasa najua kwa nini, na simbishii mtu. Najua beki gani hugeuka polepole, na kipa gani hutoka golini mapema. Mashine inaposukuma mashambulizi yake dakika za mwisho, najua itapita upande upi kabla haijaamua, na Adriano akigusa mpira pale ninapopataka, huwa nimeshaanza kufikiria mpira wa kati unaofuata, kwa kuwa goli ni suala lililokwisha. Nikijiuliza kwa dhati ni lini mara ya mwisho nilipofurahi kwa goli katika gemu hii, sina siku ya kuitaja. Kwa hiyo jioni moja nilikaa na kuandika tathmini kali kuliko hii, nikisema kwamba gemu imekwisha, kwamba mtu akishaijua haina cha kumpa, na kwamba asiyeinunua hajakosa kitu.

Tathmini ile nimeifuta, kwa sababu si kweli. Kama ujuzi ndio unaoua raha, basi yule mzee wa Wete angekufa kwa uchovu kabla mimi sijazaliwa. Tofauti iko kwengine, na imenichukua siku nyingi kuiona. Mzee akihesabu kete zake, alikuwa akimhesabu pia mtu aliyekaa mbele yake: huyu ni mwoga wa nyumba yake, lile shimo kuu la kuwekea kete, huyu ana haraka ya kula, huyu akishikwa kichwani hubabaika. Bao alikuwa amelimaliza zamani. Mtu hakummaliza, kwa kuwa kila alasiri aliletewa mwengine. Mimi nilikuwa naijua mashine tu. Yule mtoto alichukua Merseyside Red, na labda alikuwa na mipango yake, labda alijaribu krosi mara mbili au mara tatu kutoka kushoto, labda aliwahi kunitoka mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kunitoka, nami siwezi kusema lolote juu ya hayo kwa sababu sikuangalia. Nilikaa naye bega kwa bega kwa muda wa mechi nzima kasoro dakika ishirini, na uso wake siukumbuki. Hilo linaniuma kuliko kunyang'anywa pedi.

Lakini lisimfanye mtu adhani kwamba nimemsamehe mwenye kibanda, kwani sijamsamehe. Kama aliona watoto wanapoteza pesa zao za karafuu kwa mtu mmoja anayerudia jambo moja, angeniita pembeni akaniambia, "Kaka, wapishe kidogo," nami ningepisha kwa moyo mkunjufu. Angeweza kuweka utaratibu kwamba anayeshinda mechi tatu huinuka, na pangekuwa hapana ugomvi. Angeweza hata kusema asichukuliwe Adriano. Badala yake alinivunjia heshima mbele ya watoto ambao baadhi yao nawafahamu wazazi wao, na mpaka leo hajanitafuta kuniomba radhi, ingawa nyumbani kwangu anapajua. Huduma si feni na vitufe peke yake. Mtu aniulize leo kama aende pale, nitamwambia asiende. Na akiniuliza mara ya pili, nitamwambia aende, kwa kuwa PES 6 iliyotunzwa vile hajaiona Chake nzima, ila ajihadhari na mdomo wa mwenye kibanda.

Liko jambo moja ambalo nilikuwa sikukusudia kuliandika. Nilipotoka siku ile sikwenda mbali. Nilisimama nje chini ya bati, hasira zimenijaa, huku nikijifanya nafunga mkanda wa kiatu. Ndani, pedi yangu alikuwa ameshapewa mtoto mwengine, na mechi ikawa ni watoto kwa watoto. Nilisikia mabishano, nikasikia mtu akisema, "Mpe, mpe, mpe," kisha kibanda kizima kikalipuka kwa kelele, na mtoto mmoja akatoka mbio mpaka barabarani akiwa na mikono juu, akazunguka, akarudi ndani. Goli lilikuwa limefungwa. Nilijua ni gemu ile ile na mashine ile ile, lakini sikujua nani amefunga, wala kwa mguu gani, wala kutoka wapi, na kwa muda nilibaki pale mlangoni nikitaka kuingia niulize.