Dishi au antena kwa aliyefungwa plasta

Kifundo cha mguu kikivunjika, plasta hukaa wiki 6 hivi. Likitokea hilo katikati ya Juni, balaa ni mbili, kwani Ligi Kuu ya England humalizika Mei na kurudi Agosti, na chaneli za michezo hubaki kutembeza marudio na mechi za kirafiki. Mguu uko juu ya mito, upepo wa kusi unagonga madirisha, na huko kwenye ZBC, televisheni ya Zanzibar, Wawakilishi wanapitia bajeti, wizara baada ya wizara. (Kwa anayekoseshwa usingizi na maumivu, bajeti si haba.)

King'amuzi cha mtu huyu hakipimwi kwa wingi wa chaneli. Kipimo ni mara ngapi kitataka mtu apande paani, kwa sababu mwenyewe hapandi na wenziwe wako kazini.

Antena ni rahisi, na kwa wakaazi wengi wa Unguja mjini inatosha kwa habari, taarabu na tamthilia. Iwekwe nje, juu ya paa. Ile ya kuegesha dirishani, picha yake inaganda kila mtu akipita mbele yake. Pemba ni hadithi nyengine: nyumba iliyo bondeni, nyuma ya kilima, antena itakusumbua hata ukiinyanyua juu ya mlingoti.

Dishi ndilo tunalolipendekeza, ila kwa sharti kwamba lifungwe vizuri mara moja. Azam TV wanarusha kutoka satelaiti iliyo nyuzi 7 mashariki. Kwa aliye Unguja, hiyo iko magharibi ikielemea kaskazini kidogo, nyuzi kama 280 kwenye dira. Kibla chetu ni karibu kaskazini kamili, basi simama kama unayesali: dishi litazame mkono wako wa kushoto, lisogee mbele kidogo. Mwinuko, yaani kutoka usawa wa ardhi kwenda juu, ni nyuzi 52. Usishangae ukiliona kama linatazama chini zaidi, kwani madishi haya madogo yana sura ya kuinama na kwa macho utadhani halijafika hata 30.

Mnazi ndio adui. Kwa mwinuko huo, kila mita 10 ambazo mti umelizidi dishi kimo zinataka umbali wa mita 8 au zaidi. Ukipungua, picha itakuwa safi asubuhi kukiwa shwari, na kukatika kila kusi likiyumbisha makuti. Mafundi wengi hapo hubadilisha LNB (kile kichwa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi), na LNB haina kosa.

Hiyo LNB yenyewe ina jambo lake. Kwa sababu tuko karibu na ikweta na satelaiti iko mbali upande wa magharibi, lazima izungushwe kwenye kishikio chake karibu robo duara kutoka alama ya sifuri. Fundi akiiacha wima kama inavyotoka kwenye boksi, chaneli nyingi au zote zitagoma, na utaambiwa kifurushi chako kidogo.

Ukuta wa mawe na chokaa wa Mji Mkongwe haushiki skrubu. Chokaa inamung'unyuka, dishi linalegea, na likihama nyuzi 2 tu picha imekwenda. Afadhali mlingoti uliosimamishwa kwenye ndoo ya zege juu ya paa la sakafu. Konekta nazo zinaliwa na chumvi ya bahari, kwa hiyo ya nje izungushiwe utepe wa mpira unaojigandia wenyewe, na waya uachiwe kitanzi kinachoning'inia chini ya LNB ili maji yadondoke yasiingie ndani.

Kifurushi? Kidogo kabisa. Kile cha mpira kisubiri Agosti. Pesa inayobaki inunue waya mzuri wa RG6, ule wa kutoka kwenye dishi, na waya mrefu wa HDMI, ule wa kutoka king'amuzi kwenda kwenye TV, ili king'amuzi kikae wazi mbele ya kitanda. Rimoti haipenyi mlango wa kabati, na kuinuka kwa magongo kwa ajili ya sauti ni adhabu.

Fundi asiondoke kabla hajakufungulia ukurasa wa mawimbi kwenye menyu ya king'amuzi. Uko na mistari miwili, nguvu na ubora. Upige picha kwa simu, kisha uibandike karibu na kitanda. Siku picha ikipotea, linganisha: nguvu imejaa na ubora ni sifuri, dishi limehama; yote mawili sifuri, tafuta konekta au waya uliokatika. Na kama nje mvua inamwagika, usimpigie mtu simu, subiri ipungue.