TAHADHARI: Gundi feki ya bolti inazungushwa magereji ya Unguja

Assalaam alaykum mafundi wenzangu na wenye vyombo.

Kuna gundi ya kufungia bolti inapitishwa magereji ya mjini, kuanzia Amani mpaka Mwanakwerekwe, na nasikia imeshapanda boti kwenda Pemba. Ni feki. Chupa ndogo nyekundu, imeandikwa Loctite, namba 243 kwenye lebo, kimiminika cha buluu ndani. Muuzaji ni kijana mwenye begi mgongoni, mdomo mtamu, hana duka wala risiti. Jina lake silitaji, maana ninalolijua ni la utani tu, na wa kulaumiwa zaidi ni huyo anayemjazia begi.

Kilichonifanya niandike ni Hiace ya abiria ya njia ya Bububu, injini aina ya 3L, iliyoletwa kwangu baada ya kufanyiwa ovaholi kwengine. Inagonga. Kila aliyeisikiliza alisema konrodi, yaani vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, na mwenye gari alishaanza kuulizia injini ya mtumba kutoka Japani. Mlio wa flaiwili (lile gurudumu zito la nyuma ya injini linaloshikana na klachi) iliyolegea na mlio wa beringi za konrodi hufanana mno, na injini nyingi nzima zimepasuliwa bure kwa sababu hiyo. Nikatia shaka pale nilipoona ukikanyaga klachi mlio unabadilika. Tukashusha giaboksi. Bolti za flaiwili zikawa zinazunguka kwa vidole. Kwenye meno yake palikuwa na utando wa buluu, laini, unabanduka mzimamzima kama rangi ya kucha.

Gundi ya kweli haibanduki hivyo. Ikishakamata huwa ngumu, na bolti ikifunguliwa huacha mabaki makavu ya ungaunga ndani ya meno. Utando ule ni kitu kilichokaushwa na hewa, na hapo ndipo panapomtoa feki nje. Gundi ya kweli inafanya kazi kinyume na gundi zote tulizozizoea: hewa ndiyo inayoizuia isigande. Inaganda inapokosa hewa na huku imegusana na chuma, yaani ndani ya meno, nati ikishaibana. Aliyeibuni ni Vernon Krieble, mwalimu wa kemia kule Connecticut, Marekani, miaka ya 1950, na tangu mwaka 1997 chapa ya Loctite iko mikononi mwa Henkel ya Ujerumani. Ukilijua hilo moja la hewa, huhitaji maabara kumkamata muongo.

Tazama chupa kwanza. Ya kweli haijazwi mpaka mdomoni. Imetengenezwa kwa plastiki inayopitisha hewa kidogo, na ndani huachwa nafasi kubwa tupu makusudi, ili gundi ipumue isigande dukani. Wengi wetu tukiona chupa nusu tupu tunahisi tumepunjwa. Huyu kijana analijua hilo, kwa hivyo zake zimejaa pomoni, na anakutikisia sikioni: "Ami, hii imejaa, si kama zile za madukani." Chupa iliyojaa hivyo, irudishe begini kwake.

Pili, tia tone moja juu ya kipande cha kioo, liache wazi mpaka kesho yake. Ya kweli utaikuta bado majimaji. Ya kwake asubuhi ilikuwa imeshakauka, nikaibandua kwa ukucha. Tatu, chukua bolti na nati ya chuma cha kawaida, si ya stenlisi, maana kwenye stenlisi hata ya kweli huchelewa. Safisha mafuta kwa breki klina au asetoni, paka, zungusha nati kwa mkono bila kukaza, weka. Ndani ya nusu saa hivi inapaswa iwe imeanza kushika, na baada ya saa 24 nati haitoki bila spana. Ya kwake ilitoka kwa mkono. Ukiwa na kurunzi ya kukagulia noti, mmulikie pia, kwani 243 ya kweli hung'aa chini ya mwanga ule. Ila hilo lisikutoshe peke yake, rangi ya kung'aa nayo inanunulika.

Nimeonyeshwa na aina nyengine, ambayo nadhani ni supaglu iliyotiwa rangi. Hiyo inashika kweli, na ndiyo ya hatari zaidi kwa sababu jaribio la nati inapita. Utaijua kwa harufu kali, kwa kuganda kwenye vidole, na kwa kukauka juu ya kioo. Supaglu ya kawaida huanza kuishiwa nguvu joto likizidi nyuzi 80 hivi, na mafuta ya injini iliyobeba abiria kupanda mlima hupita hapo kila siku. 243 inahimili mpaka 180.

Sasa maneno yake, maana kwangu mimi maneno haya yamefanya uharibifu kuliko gundi yenyewe. Anawaambia mafundi, hasa vijana, kwamba ukipaka hii huna haja ya spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kaza unavyojua, gundi itamaliza. Uongo. Kinachoishika flaiwili ni bolti kuvutwa kwa kipimo chake. Gundi inazuia tu mtikisiko usiizungushe kurudi nyuma. Ile Hiace, kwa haki, haikuharibiwa na gundi peke yake. Fundi aliamini chupa, akakaza kwa kukisia. Angekaza kwa kipimo, huenda hata na gundi feki isingefika pale.

Anasema pia ipakwe kila bolti ya injini, konrodi na silinda hedi zikiwemo. Jamani! Bolti za konrodi, za meni (beringi kuu za kranki) na za hedi kwenye injini nyingi hufungwa na mafuta mepesi kwenye meno na chini ya kichwa, kwa sababu kipimo cha kitabu kimepigiwa hesabu na ule utelezi. Ukibadilisha mafuta kwa gundi, spana ya toki inalia "ka!" na bolti haijavutwa inavyotakiwa, au imevutwa kupita kiasi. Pa kutia gundi ni pale kitabu cha injini husika kinapopataja. Vitabu vya Toyota vikitaka gundi vinaandika namba kabisa, mara nyingi 1324 ya Three Bond, chapa nyengine ya gundi, au inayolingana nayo. Bolti za flaiwili na za klachi soma kwanza, maana injini hazifanani, na zipo ambazo matundu ya flaiwili yanatokeza kwenye mafuta, kwa hiyo gundi inafanya pia kazi ya kuziba kuvuja. Tundu lisilotokea upande wa pili, usilijaze. Tone chache tu, gundi ikizidi bolti inaisukuma kama pistoni na chuma chenye tundu kinaweza kupasuka.

Halafu hii ya rangi. Kijana anauza na "nyekundu kali", anasema ni bora kuliko buluu. Chupa zenyewe za Loctite ni nyekundu hata ya buluu ikiwemo ndani, kwa hiyo ukisikia mtu anapima ubora kwa rangi ya chupa, mjue huyo. Kimiminika chekundu, mfano 271, ni cha kufunga jumla: kufungua kunataka moto wa kama nyuzi 250 pale pale kwenye bolti. Ukikipaka kwenye vibolti vya sampu au vya kava, fundi wa baada yako atavikata vichwa vyote na kukuombea dua isiyo nzuri.

Hata ya kweli tuiangalie inavyotunzwa. Mtengenezaji anataka ikae kati ya nyuzi 8 na 21, na jua la Darajani saa saba mchana sote tunalijua. Iliyoshinda juu ya meza barazani, au iliyomiminwa kutoka chupa kubwa kwenda vichupa vidogo, siitii kwenye injini ya mtu. Na usichovye bolti ndani ya chupa; chembe za chuma zikiingia, iliyobaki inaanza kuharibika humo humo.

Bei ndiyo chambo chake. Anauza kwa bei ambayo dukani hupati hata nusu ya chupa, akidai ni mzigo wa Dubai uliobaki. Ukimuomba risiti ya kielektroniki anacheka, ukimuuliza duka anataja Darajani bila kutaja mlango.

Wenye magari: kama injini yako imefunguliwa karibuni, muulize fundi wako alitumia chupa gani, na umuombe aitoe uione. Usimuulize kwa ukali, wengi wametapeliwa kama wewe. Cha kuangaliwa mwanzo ni flaiwili na klachi, halafu bolti za kalipa za breki, kwani hizo nazo nimeambiwa zimepakwa, na breki haisubiri ianze kugonga ndipo uifungue.

Waliouziwa, msizitupe chupa. Zifungeni kwenye mfuko na lebo yake, andikeni mlinunua wapi na kwa kiasi gani, mzipeleke Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS) au kwenye Tume ya Ushindani Halali wa Biashara (ZFCC). Mimi zangu, pamoja na zile bolti zenye utando, nazipeleka wiki hii. Aliye Chake au Wete na amekutana na begi hilo hilo, aandike hapa chini ni gereji za upande gani, bila kutaja majina ya watu, ili wengine wajue lilipofika.