Hedifoni Zenye Besi Nzito: Kitelezi cha Skullcandy Crusher Evo na Yale ya Kuangalia Kabla ya Kununua

Ndugu watazamaji, karibuni katika chaneli yetu, nikizungumza nanyi kutoka hapa Mtwara mjini. Hedifoni iliyopo mezani ni Skullcandy Crusher Evo, na nimekuwa na hamu kubwa ya kuizungumzia kwa sababu ya kitu kimoja kidogo kilichowekwa kwenye kikombe chake cha kushoto. Namna ya kuiunganisha na simu na mengine yaliyoandikwa kwenye boksi sitayagusa, kwa kuwa mnayafahamu. Inatosha kusema kwamba ilitoka mwaka 2020, kwamba betri yake hudumu hadi saa 40, na kwamba ukiichaji kwa dakika 10 tu unapata takribani saa 4 za kusikiliza, jambo ambalo kila aliyewahi kukatikiwa na umeme jioni anajua thamani yake.

Sasa naomba mtazame kidole changu. Hiki ninachokisukuma juu na chini ni kitelezi cha besi. Hakihitaji programu ya simu, wala hakikulazimishi kufungua menyu yoyote. Unakipapasa kwa kidole gumba huku simu ikiwa mfukoni, na besi inapanda au kushuka papo hapo. Katika hedifoni nyingi, kila kikombe kina spika moja ndogo inayobeba muziki wote, kuanzia ngoma hadi filimbi, kwa hiyo ukiongeza besi kupitia simu unaibebesha spika hiyohiyo mzigo wa ziada, na sauti ya mwimbaji huanza kukwaruza. Waundaji wa Crusher waliweka ndani ya kila kikombe kifaa cha pili ambacho kazi yake ni besi peke yake, nacho hutikisa kikombe chenyewe kiasi kwamba mdundo unaupokea kwa sikio na kwa ngozi kwa wakati mmoja. Kitelezi kinakiongoza hicho cha pili tu, na sauti ya mwimbaji inabaki ilipokuwa.

Kuna ugumu wa kuwaonyesha jambo hili, kwa sababu wengi wenu mnanitazama kwa simu, na spika ya simu haina uwezo wa kutoa besi ya chini kabisa. Sikio la binadamu husikia kuanzia karibu hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, hadi hezi 20,000, na waya mnene kuliko zote katika gitaa la besi hupigwa kwenye hezi 41 hivi; spika ya simu haifiki huko, kwa hiyo hata nikiwachezea wimbo hapa mtasikia ganda lake tu. Ndiyo maana nimeandaa karatasi nyepesi na punje chache za mchele. Nimeilaza hedifoni chali, karatasi nimeitandaza juu ya kikombe hadi imefunika mto wake wote, na punje zimekaa juu ya karatasi. Nacheza mlio wa hezi 50 huku kitelezi kikiwa chini kabisa. Mnaona punje zinatetemeka kidogo tu. Nakipandisha hadi theluthi moja, nazo zimeanza kutembea. Nakifikisha nusu, zinaruka. Nikikipeleka hadi juu kabisa, punje zinamwagika mezani, na hedifoni yenyewe inasogea pole pole kuelekea ukingoni, nami kiwango cha sauti kwenye simu sijakigusa hata kidogo.

Tusiondoe karatasi bado, kwa maana jaribio la pili lina uzito kuliko la kwanza. Nimerudisha kitelezi nusu, punje zinaruka. Sasa nanyanyua ukingo wa karatasi kwa kalamu, nafasi ndogo tu ya kupitisha hewa. Tazameni jinsi punje zilivyotulia. Nguvu ya kifaa haijapungua. Kilichotokea ni kwamba hewa imepata pa kutokea, na besi ya hedifoni ni msukumo wa hewa iliyofungiwa kati ya kikombe na sikio. Hali hiyohiyo hutokea kichwani mwako. Mkono wa miwani ukipita chini ya mto wa kikombe, besi inavuja. Kofia ya kiua ikishuka hadi masikioni, besi inavuja. Dada zetu wanaovaa hijabu wanajua hali hii vizuri, kwa sababu kitambaa kikikunjamana kati ya sikio na mto hakuna hedifoni, hata ya laki tano, itakayotoa mdundo wake kamili. Kinachosaidia ni kuhakikisha panapita tabaka moja jembamba lililonyooshwa, au kuvaa hedifoni kwanza na mtandio juu yake.

Kwa sababu hiyo siwashauri wapenda besi kununua hedifoni ndogo zinazokaa juu ya sikio bila kulizunguka. JBL Tune 510BT, kwa mfano, ni hedifoni nzuri kwa bei yake, ni nyepesi na betri yake pia hufika saa 40, lakini vikombe vyake vinaegemea sikio tu, na ukigeuza shingo kidogo mdundo unapungua. Anayetaka besi atafute vikombe vinavyomeza sikio lote.

Narudi kwenye kitelezi, maana sijamaliza sababu ya kukipenda. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio letu huwa zito kwa sauti za chini, yaani zile nzito za besi, kila muziki unapopunguzwa. Mnalijua hili hata kama hamjawahi kusoma juu yake: ukicheza taarabu kwa sauti kubwa gitaa la besi linatawala, ukipunguza usiku ili usisumbue waliolala, gitaa linapotea kabla ya sauti ya mwimbaji. Maana yake ni kwamba hakuna kiwango kimoja cha besi kinachofaa wakati wote. Usiku, sauti ikiwa chini, napandisha kitelezi. Mchana, sauti ikiwa juu, nakishusha. Hedifoni yenye besi nzito isiyobadilika inakulazimisha kuongeza sauti yote ili upate mdundo unaoutaka, na hapo ndipo masikio huumia. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, lakini akifika desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Vijana wetu wanaoshinda na hedifoni kichwani kuanzia asubuhi, naomba mlizingatie hili kwa dhati. Pandisha besi, punguza sauti. Kitelezi kinakuruhusu kufanya hivyo.

Je, ina maana kwamba kitelezi kikae juu siku zote? Hapana, na hapa lazima niwe mkweli kwa wapenzi wa singeli. Singeli hukimbia kwa zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, na kifaa kinachotikisika huhitaji muda wa kutulia kabla ya pigo linalofuata. Kitelezi kikiwa juu, mapigo yanaungana na kuwa mngurumo mmoja, na ule utamu wa singeli, ambao ni kasi yenyewe, unapotea. Theluthi moja inatosha. Amapiano, kwa upande mwingine, inakwenda taratibu na mdundo wake una nafasi ya kupumua, kwa hiyo huko unaweza kuvuka nusu bila kuharibu kitu. Nilipoweka rekodi ya ngoma za sindimba za Wamakonde nilistaajabu zaidi, kwa sababu ngoma kubwa ilikuja na uzito wake huku ngoma ndogo zikibaki kavu na zenye kusikika moja moja, na mtu aliyekulia karibu na ngoma hizo atatambua kwamba ndivyo zinavyosikika ukisimama uwanjani.

Kabla sijaendelea, wengi mmeuliza kuhusu spika kubwa za sherehe. Uchambuzi huo unakuja, na nitautoa mapema kabla ya msimu wa jando na unyago ili wanaokodisha muziki vijijini wawe na muda wa kuamua. Aliyejiunga na chaneli ataupata. Ambaye hajajiunga, naomba afanye hivyo sasa.

Kasoro kubwa ya Crusher Evo ni kwamba haina mfumo wa kuzima kelele za nje, na kwa mkazi wa kusini hilo si jambo dogo. Safari ya basi kutoka hapa hadi Dar es Salaam, kupita Mingoyo, Nangurukuru na daraja la Mkapa, inakula siku nzima, na muda wote huo injini inanguruma. Mngurumo wa injini nao ni sauti ya chini, unakaa katika eneo lilelile la besi ya muziki wako na kuifunika. Bahati ni kwamba mifumo ya kuzima kelele hufanya kazi vizuri zaidi kwenye sauti za chini zinazoendelea bila kukatika, kwa hiyo ukiiwasha ndani ya basi ni kama umeongezewa besi bila kuongeza chochote. Kwa msafiri wa aina hiyo ninaanza kuegemea upande wa mshindani, Sony ULT Wear, iliyotoka mwaka 2024. Hiyo ina kitufe cha ULT kwenye kikombe cha kushoto chenye hatua mbili za besi, moja ya kina na nyingine ya kishindo, na betri yake hufikia saa 30 ukiwa umewasha mfumo wa kuzima kelele. Ina gramu 255, wakati Crusher Evo inazidi 300, na katika joto na unyevunyevu wa pwani yetu tofauti hiyo shingo inaijua. Hata hivyo, hatua mbili si sawa na kitelezi. Kwenye ULT kuna nyakati ambapo hatua ya kwanza haitoshi na ya pili inazidi, na unabaki huna la kufanya ila kufungua simu. Skullcandy wenyewe wana Crusher ANC 2 ya mwaka 2023, ambayo inazima kelele, na ningewaelekeza huko wasafiri moja kwa moja kama bei isingekuwa juu zaidi.

Tuzungumze bei basi. Crusher Evo ilitoka ikiuzwa dola 200 hivi huko Marekani, na ULT Wear vilevile. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni nusu milioni kabla ya usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Najua wengi mnaosubiri malipo ya korosho mnapanga kununua baada ya minada kuanza mwezi Oktoba. Nawashauri muulizie bei mapema na kuiandika, kwa sababu fedha zikishaingia mitaani punguzo huwa gumu kupatikana. Ambaye laki tano ni nyingi kwake, na ni haki yake kuona hivyo, atafute Soundcore Life Q20. Hiyo ilitoka kwa dola 60 hivi, inazunguka sikio lote, ina mfumo wa kuzima kelele, na ukibonyeza mara mbili kitufe cha kuchezesha muziki inaongeza besi. Besi yake haiitikisi ngozi kama ya Crusher, lakini kwa mwanafunzi au kijana anayeanza kazi ningeichagua hiyo bila kusitasita, na leo, baada ya kuyasema haya yote, naona ndiyo inayowafaa watazamaji wangu wengi kuliko hii niliyoishika.

Jihadharini na hedifoni zenye jina la kampuni kubwa na bei ndogo kupita kiasi. Kitelezi kinaweza kuwa pambo lisilounganishwa na chochote ndani, na maneno kuhusu besi ya nguvu yaliyochapwa kwenye boksi hayamgharimu mtu kitu. Ukubwa wa spika nao usiwatishe. Sony ULT Wear na Life Q20 zote zina spika za milimita 40, na ukizivaa kwa zamu hutaamini kwamba namba ni moja.

Mkifika dukani, iwe hapa mjini, Masasi au Lindi, nendeni na wimbo wenu mnaoujua kila pigo lake, msikubali ule wa muuzaji. Vaeni hedifoni, kisha mbonyeze vikombe vyote viwili kwa viganja. Besi ikiongezeka sana mnapobonyeza, vikombe hivyo havizibi masikio yenu vizuri, jaribuni nyingine. Halafu punguzeni sauti hadi chini kabisa na msikilize kama gitaa la besi bado lipo. Mtembee hatua chache, mgeuze shingo kushoto na kulia, mkae nazo kichwani kwa muda wa wimbo mzima ili mjue joto lake. Muuzaji asiyeruhusu boksi lifunguliwe, mshukuruni na mwende duka linalofuata.